Siku Niliyomuua Baba Mkwe Redioni

Mkinionanga nikipita Lubao nimeinamisha uso kama mtu anayetafuta kifungo cha shati kilichoanguka, msidhani ni maringo, ni haya tupu. Pale watoto wa shule wananijua kwa jina moja tu, "Matanga", na jina hilo nilijipa mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu, Jumamosi moja saa nne asubuhi, hewani, Kakamega nzima ikisikiliza.

Mimi ni mtangazaji wa redio pale mjini (stesheni siitaji, bado naitaka kazi). Kila Jumamosi nina kipindi cha vitabu, nusu saa, na nikitoka tu kinaingia kile kipindi ambacho kila nyumba inanyamazisha watoto ili isikize: matangazo ya vifo. Sasa wiki hiyo nilikuwa na mwandishi mmoja wa Uingereza, marehemu wa zamani, mtu wa vituko kweli kweli. Kwanza alikuwa mtangazaji kama mimi, akisoma habari miaka na miaka, halafu siku moja katikati ya taarifa akanyamaza makusudi, dakika nzima kimya, eti anataka wasikilizaji wasikie nyumba zao wenyewe. Walimfuta kazi jioni hiyo hiyo. Akaenda kwake akaanza kuandika riwaya ambazo hazikai kama riwaya: moja haina mwisho, nyingine unaanzia katikati, na hii niliyookota mimi kwenye rundo la vitabu vya mitumba, mhusika mkuu hana jina. Kila mahali jina lake linapotakiwa kuna nafasi tupu, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza mwandishi anakuomba uchukue kalamu, uandike hapo jina la mtu unayempenda, ili hadithi iwe yako. Nilikipenda hicho kitabu, jamani! Nilikuwa nakibeba mpaka chooni.

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, mimi na wajomba zangu tulitakiwa Lubao, kwa kina Violet, kumwomba awe mke wangu. Baba yake, Mwalimu Likhanga, mstaafu, alikuwa ameshanikataa mara mbili. Mtu anayelipwa kuongea, alisema, ataongea mpaka amalize nyumba. Violet akamlilia, mama yake akamlilia, mzee akakubali mara ya tatu, lakini akaniambia mbele ya watu: "Kijana, hii ndiyo ya mwisho. Ukileta mchezo, usirudi." Na mimi Violet nilikuwa nampenda mpaka naumwa.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo tu. Kile kitabu kinaanza na tangazo la kifo cha yule mhusika, na mimi (kiherehere changu) nikaona badala ya kumwelezea mwandishi kwa maneno mengi, kwa nini nisisome kama ambavyo yeye mwenyewe angesoma? Nikamwambia fundi wa mitambo aniwekee ule wimbo wa huzuni tunaotumianga kwa vifo. Akaniuliza kama niko sure. Nikamwambia, "Weka, bwana, hii ni sanaa!"

Wimbo ukaingia, nikashusha sauti. "Kwa majonzi makubwa tunatangaza kifo cha mwalimu mstaafu, mkali wa kalamu nyekundu, aliyetembea na mwavuli wake mweusi hata jua likiwaka, mpendwa wetu..." Hapo kwenye nafasi tupu nikanyamaza. Nikahesabu moja mpaka tano, huku nikijiona mkubwa kweli. Halafu nikaendelea, "...aliyetuacha ghafla asubuhi ya leo." Mambo ya kwamba hiki ni kitabu na huyu ni Mzungu wa kubuniwa niliyaeleza baadaye, taratibu, dakika kumi nzima, lakini nani alibaki kusikiliza? Watu walijua tu kwamba redio imekata, na imekata pale pale kwenye jina.

Najua mnataka kuniuliza: mwalimu mstaafu, kalamu nyekundu, mwavuli mweusi, na wewe hukuona ni nani huyo? Sikuona! Kichwa changu kilikuwa Uingereza na moyo wangu ulikuwa Lubao, katikati hapakuwa na mtu.

Sasa sikieni mambo yalivyojipanga. Nyumbani kwa Mwalimu kulikuwa na hema kwa ajili yetu sisi wakwe. Viti vilikuwa vimepangwa, masufuria makubwa yako mekoni, moshi unapanda. Jirani aliyesikia redio akachungulia kwa ua, akaona hema na viti, atahitaji kuambiwa nini tena? Mwalimu mwenyewe alikuwa ametoka mapema kwenda kunyolewa sokoni, ambako foleni ya Jumamosi huisha mchana, simu ameiacha kwa chaji. Mama Violet alimwona jirani akiingia mikono kichwani, akajua mume wake amegongwa barabarani, naye akapiga nduru.

Sisi tukafika saa nane kamili, mimi na suti yangu ya kijivu, wajomba wawili na jogoo. Kabla hatujafika langoni tukasikia isukuti. Ngoma hizo zinalia kwa harusi na zinalia kwa matanga, na mimi kwa akili zangu nikasema, kumbe leo Mwalimu amenikubali mpaka ametuletea ngoma! Nikashuka kwa gari nikicheza. Nilicheza, jamani, mabega yote mawili, nimemwinua jogoo juu, nikaingia hivyo mpaka katikati ya boma, na watu mia moja waliokuwa wakilia wakaacha kulia wakaniangalia.

"Mayi we!" mama mmoja akanishika kola. "Mwalimu amerara, na wewe unacheza?"

Nilikaa chini kwa nyasi na suti yangu. Nililia kwa machozi ya kweli, kwa sababu pamoja na ukali wake nilikuwa nimeshaanza kumwita baba moyoni. Nikauliza amekufa saa ngapi, nani amesema.

"Si redio imetangaza," akasema yule mama. "Saa nne."

"Redio gani?"

"Ai! Si ni yenu! Si ni wewe ulisoma?"

Machozi yalikauka hapo hapo. Violet akatoka jikoni macho mekundu, akanisikia nikibabaika "kitabu, ni kitabu", akaelewa kabla sijamaliza. "Agrey," akasema polepole, "umemuua baba yangu siku ya kuja kuniomba?" Nilimkabidhi jogoo.

Chini ya hema mzee mmoja, ambaye hakutusikia, alikuwa ameshaanza kumsifu marehemu, ndipo bodaboda ikaingia. Mwalimu Likhanga akashuka, amenyolewa anang'aa, mwavuli mkononi. Akaangalia hema, akaangalia watu. "Nani amekufa?" Wee! Viti vilianguka, watu wakapita kwa ua, mpiga isukuti mmoja akakimbia na ngoma bado iko shingoni. Mama Violet yeye hakukimbia, alimrukia mume wake shingoni mbele ya mashemeji wote, akamshika hivyo, hataki kuachilia.

Walimweleza. Akaniita mbele, akakiomba kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza wote amesimama. Mimi nilikuwa nasikia tu "usirudi, usirudi". Halafu akavuta kiti, akakaa chini ya hema.

"Ni nani alikuwa anaongea mambo yangu nilipofika?"

Yule mzee, mwanafunzi wake wa zamani, akainua mkono.

"Endelea. Ulikuwa umefika wapi?"

Wakarudi mmoja mmoja, wakaongea. Huyu alifundishwa kusoma akiwa amekosa hata kiatu, yule alitetewa asifukuzwe shule. Mwalimu alisikiliza yote, na nilimwona akigeuka kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mwishowe akasimama. "Obusuma iko, ingokho iko, ugali na kuku wa kutosha, ngoma ziko, wakwe wamefika. Nani anaenda nyumbani?" Tulicheza mpaka jua likazama, na Violet akakubali kunisamehe, akanikanyaga mguu kwanza.

Kitabu alibaki nacho Mwalimu. Mimi tangu siku hiyo nimeapa: nikiwa hewani sitanyamaza tena palipo na jina la mtu, na ule wimbo siugusi hata kwa kidole.

Mwezi uliofuata akanirudishia. Nikafungua, na kumbe kila nafasi tupu, kuanzia lile tangazo la kifo hadi ukurasa wa mwisho, ilikuwa imejazwa kwa kalamu nyekundu: Agrey, Agrey, Agrey. Nikacheka sana, nikasema mzee amelipiza, na yeye ameniua. Nilikuwa nimeshakifunga nilipokumbuka kwamba mwandishi, pale juu kabisa, anakuomba uandike jina la nani.