Mnyauko Uliofuata Mfereji

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Kilimo wa Njombe alinikabidhi baiskeli, mabuti ya mpira na bunda la karatasi za miraba. Nikauliza karatasi ni za nini, maana nilidhani kazi ya bwana shamba ni jembe. "Ugonjwa wa mimea hauna mdomo," akasema. "Utausemea wewe, kwa hesabu." Nilimwona mzee anapenda maneno.

Nikapangiwa bonde moja upande wa Makambako. Ilikuwa miaka ya soko huria: malori yalifuata viazi hadi shambani, na mbegu kila mtu alijitafutia. Wenyeji walilima viazi mviringo kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, zote zikinyweshwa na mfereji mmoja. Msimu wangu wa pili ukaingia mnyauko. Ukikata shina lenye ugonjwa huo na kulisimamisha kwenye glasi ya maji, linatoa nyuzi nyeupe kama maziwa. Dawa hakuna, unang'oa.

Wa kwanza kuniarifu alikuwa Mama Tulizo, mjane aliyelea wajukuu watatu kwa kinyungu chake. Shukrani ya punda ni mateke: watu wakasema yeye ndiye aliyeuleta. Kijiji kikataka kumnyang'anya kinyungu, kikasubiri sahihi yangu tu.

Nikachora ramani, kila bustani iliyougua nikaiwekea nukta. Nikatafuta wastani wa nukta zote ili nipate kitovu cha ugonjwa. Kikaangukia kwa Mama Tulizo. Naona haya kusema kwamba nilifurahi. Nikapanda baiskeli hadi Njombe.

Afisa Kilimo aliitazama karatasi mpaka chai yake ikapoa.

"Kijana, umepima kwa kukatiza juu ya vilima. Ugonjwa huu una mabawa?"

"Hapana, mzee. Unakwenda na maji."

"Basi pima kwa maji. Na uwaulize wakulima majani yalilegea lini, siyo walikuja kwako lini."

Nikarudi kuhesabu hatua kando ya mfereji, kona kwa kona. Mama Tulizo mwenyewe ndiye aliyenisaidia tarehe.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu. "Jirani yangu wa juu, majani yake yalilegea Jumapili ya kipaimara. Yangu yalifuata. Mimi nilitangulia kusema tu."

Nikaweka hatua upande mmoja wa karatasi, siku upande wa pili. Nukta zikajipanga karibu mstari mmoja: kadiri ulivyopanda mfereji, ndivyo ugonjwa ulivyokuwa wa zamani zaidi. Nikaurefusha mstari kwenda juu, ukaishia kichwani mwa mfereji, kwenye shamba la mfano, nililolilima ili wakulima wajifunze. Shamba langu. Mbegu niliinunua mwenyewe Makambako, nikaipanda bila kuikagua kwa kuwa ilipendeza macho. Mashina machache yaliyolegea nilikuwa nimewasingizia mafuko. Nikakata moja, nikalitia kwenye glasi. Maji yakaingia weupe.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasema, "Ugonjwa nimeuleta mimi."

Mama Tulizo akasimama. "Basi twendeni tukang'oe kwa bwana shamba," akasema, na alifika wa kwanza na jembe lake, yeye aliyekuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani.

Sasa nimestaafu. Nawashukuru wote wawili, mzee aliyenirudisha kupima na mama aliyenisamehe bila kuombwa. Vijana mnaoanza kazi, jueni hili: kama ningetia sahihi hesabu yangu ya kwanza, Mama Tulizo angekufa na jina la mleta ugonjwa, nami ningesifiwa kwa kazi nzuri.