Magurudumu Niliyoyapeleka Ngokolo

Mimi ni mkerezaji wa vyuma hapa Katoro. Natengeneza vipuri vya karasha, zile mashine za kuponda mawe ya dhahabu, na ukisikia karasha inaunguruma vizuri ujue nimeigusa. Safari hii nilifunga mzigo wa ajabu: magurudumu ya treni yanayoenea kiganjani. Baba yangu mdogo, Mzee Masanja, mstaafu wa reli, alinipigia simu kwamba kichwa cha treni ndogo ya makumbusho yao ya reli kimekwama, na Jumamosi Bwana Kanji, mwenye godauni walimo, anakuja. Aliwaachia bure, sasa anataka kuhifadhi saruji yake humo. Treni isipotembea mbele yake, wanafungasha. Nikamwambia atulie, fundi yupo.

Ijumaa alfajiri niliondoka kwa basi. Ushirombo tulipita watu wakifungua maduka, na Kahama nikateremka Nyasubi kunywa chai. Mama muuza chapati aliuliza vyuma vile ni vya nini. Nilipomwambia ni vya treni, akanitazama juu mpaka chini, akaniongezea chapati kwa huruma. Nilikula.

Isaka niliiona reli yenyewe, na mabehewa ya mizigo yamejipanga. Nilijisikia mtu wa shirika.

Jua likielekea kuzama nilifika Ngokolo, mjini Shinyanga. Nikamwamkia baba mdogo shikamoo, akaitikia marahaba huku mkono wake umeshaingia kwenye mfuko wangu kutafuta magurudumu. Ndani ya godauni, reli nyembamba inazunguka kuta zote, kutoka stesheni ya Shinyanga ya mbao hadi Mwanza yenye mawe yake. Wanaoiendesha ni watatu, wote wa kujitolea: baba mdogo, Mama Neema aliyekuwa akikata tiketi, na Mzee Juma anayekaa kiti cha stesheni ya Mwanza. Na wanaiendesha kama reli ya kweli. Treni haitoki Shinyanga mpaka mtu wa Mwanza agonge kengele kusema njia ni salama. Nilicheka. Hawakucheka.

Jumamosi asubuhi magurudumu yalikaa kama yamezaliwa pale. Halafu ikaja habari kwamba Mzee Juma kashikwa na malaria. Mimi nilishika nyaya za betri, Mama Neema alikuwa kwenye swichi ya mwendo, baba mdogo yuko stesheni ya Shinyanga. Mwanza hakuna mtu, na Bwana Kanji huyo anaingia, funguo za gari mkononi.

Nilimnong'oneza baba mdogo aachie treni tu, nani atajua? Akaniambia yeye atajua. Kisha akamgeukia mgeni.

"Bwana Kanji, Mwanza hatuna mtu. Naomba ukae wewe, ukiona njia ni salama ugonge kengele."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Mtu kaja kukufukuza, unampa kazi! Bwana Kanji aliangalia saa, akaangalia kiti, akakaa kwa shingo upande. Baba mdogo aligonga kengele ya kuomba njia. Palepale Bwana Kanji akajibu kwa kugonga yake.

"Umetazama?" baba mdogo akauliza.

Hakuwa ametazama. Akainuka akinung'unika, akaifuata reli kwa macho, na kwenye kona akainama. Alipoinuka alikuwa na spana. Yangu. Nilikuwa nimeisahau juu ya reli, mimi fundi mkubwa. Treni ingeanguka mbele yake na habari ingeishia hapo. Niliona aibu hadi masikioni.

Bwana Kanji alirudi kitini, akajiweka sawa shati, akagonga kengele vizuri. Treni ikaondoka na magurudumu yangu, laini kabisa. Ilipofika katikati ya njia simu yake ikalia. Lori la saruji lilikuwa nje, dereva anauliza ashushe wapi.

"Subiri," akamwambia, macho kwenye reli. "Nimeshatoa njia, treni haijafika."

Ilipofika Mwanza, Mama Neema akamwambia wabeja, asante yetu ya Kisukuma. Yeye akapiga simu mwenyewe, akaelekeza lori liende dukani kwake.

Jumapili nilirudi Katoro. Siku hizi siwashi mashine ya mtu kabla sijaizunguka nikaitazama, na wateja wananiita mzee. Waniite. Mzee Juma kapona, lakini hana pa kukaa. Kila Jumamosi anamkuta Bwana Kanji ameshawahi kiti cha Mwanza.