Glavu za Wageni

Konstebo Kinya amepanga chumba katika ploti yangu hapa Runyenjes, na huniita guka, yaani babu. Kwao ni Kiirua, mama yake analima viazi. Kazi yake kubwa siku hizi ni kumwaga pombe haramu. Zamani pombe ya hapa ilikuwa ya asali, wazee waliipika kwa ajili ya mahari, na sikusikia mtu aliyepofuka. Siku hizi ni spiriti ndani ya mapipa ya plastiki, inayochubua hata rangi ya ukuta.

Mwezi uliopita ilimrukia usoni. Alirudi jicho la kushoto limevimba, akawa analiosha kwa maji ya tangi langu.

"Hamna miwani ya kukinga?"

"Ziko, guka. Na glavu. Ziko stoo, bado kwenye nailoni."

"Zinangoja nini?"

"Wageni wa kutoka Nairobi. Afande Muriithi anasema tukizitumia zitachakaa."

Nilikasirika, ingawa kila nyumba hapa ina vikombe vya wageni kabatini, na wenyewe wananywea vya bati. Lakini jicho si kikombe.

Daktari alimwambia likirukiwa tena, basi. Nikampa miwani na glavu ninazovaa nikipiga kahawa dawa. Jioni alirudi nazo mfukoni.

"Afande amesema nakaa kama mtu wa shamba. Eti si sare."

"Na upofu ni sare?"

"Guka, usinipigie mimi kelele. Mpigie yeye."

Juzi walikamata mapipa nyuma ya soko, nami nikaenda kutazama. Kinya akatoa miwani na glavu zangu akavaa.

"Kinya! Vua hiyo takataka!"

"Nikivua simwagi, afande."

"Unakataa amri?"

"Kumwaga namwaga. Kupofuka ndiko nakataa."

Watu wakaangua kicheko. Ciakuthii, muuza ndizi, akapaza sauti: "Afande, si umwage wewe, macho yako ni ya serikali!"

Muriithi alilitazama pipa. Hakulisogelea. Alirudi nyuma, akaashiria kwa mkono: mwaga. Kinya akalipindua, spiriti ikaruka, ikatapakaa kwenye vioo. Akavifuta kwa glavu, akaenda pipa la pili.

Jicho lake linapona. Wageni hawajafika, vifaa vya stoo bado viko kwenye nailoni. Na kahawa yangu inaliwa na wadudu, kwa sababu serikali nzima imeazima miwani ya mzee mmoja.