Ukuta Uliong'aa wa Gatumba

Jumanne nilikuwa natoka misa ya asubuhi, simu ikaita. Alikuwa jirani wa rafiki yangu wa Gatumba, yule mama muuza nyanya kule mupakani ambaye niliwahi kuandika hapa kwenye safu hii habari ya ukuta wake. Jirani hakuzunguka. «Mama, ukuta umemuangukia. Alikuwa anafagia nyuma ya nyumba. Ametutoka.» Sikuuliza ukuta gani. Mi ndiye nilimuambia aupulizie dawa.

Nyumba yake ilikuwa ya rukarakara, yale matofali ya udongo yasiyochomwa, kama nyumba nyingi za watu wa hali yetu. Kila mwaka kabla ya mvua, wamama wa pale walikuwa wanakusanyika, leo kwako, kesho kwangu, wanakanda udongo na mavi ya ng'ombe kwa miguu, wanapaka kuta. Mwaka mumoja nilienda kusaidia, nikachekwa kutwa nzima. «We mwandishi, unapaka ukuta ama unapaka mutoto mafuta? Sukuma, haulii huo!» Lakini kabla ya kupaka, yeye alikuwa anaugonga kwa ngumi, sikio karibu, kama muganga na kifua cha mugonjwa. Pakilia kizito anasema, «Apana, hapa bado kuna maji, tuache pakauke.» Na hakuna mutu alibisha.

Kisha mafuriko. Maji yalipotoka, alikuja bwana mumoja na pompe ya kupulizia dawa ya kuzuia maji mugongoni, akaomba nafasi kwetu kanisani baada ya misa. Alipulizia tofali moja, akangoja, akalimwagia kopo zima la maji. Maji yakateleza yote chini, tofali likabaki kavu. Tulipiga vigelegele. Akasema hakuna kupaka udongo tena. Wahenga walisema mugeni aje mwenyeji apone, na mi nilirudi nyumbani nikaandika hapa kwamba wamama wa Gatumba sasa watapumzika. Mi nilisoma masomo ya jioni, nikiwa na watoto tayari. Kitu kikiitwa sayansi nakiheshimu sana, hata nasahau kukiuliza maswali.

Rafiki yangu hakusahau. «Weye umesoma, niambie. Ukuta wangu nikiugonga chini bado unalia kizito. Nikiufunga na dawa, yale maji ya ndani yatatokea wapi?»

Nilikuwa na haraka. «Mama, yule bwana ni fundi, anajua.»

«Anajua ukuta wangu?»

«Anajua kuta zote.»

Akacheka. «Haya. Kama umeliandika kwa gazeti, mi ni nani?» Ukuta ukapuliziwa. Alikata ile karatasi ya gazeti, akaibandika ndani, karibu na rozari yake. Mwaka uliofuata wamama hawakukusanyika. Hakuna aliyegonga. Ukuta unang'aa, uugonge unatafuta nini?

Siku ya matanga, vipande vya ukuta vilikuwa bado nyuma ya nyumba, na mvua ndogo ilikuwa imepita. Niliokota kimoja. Upande wa nje, matone yalikuwa yamekaa juu kama shanga, hata moja halijaingia. Nikakigeuza, nikabonyeza, kidole kikazama kama kwenye ugali. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, yanakosa pa kutokea. Nilimupigia yule bwana. «Mama,» akasema kwa upole, «dawa ilifanya kazi. Ukuta ndio ulikuwa mubaya.» Ni kweli dawa ilifanya kazi, na ndicho kinaniunguza.

Sisi watu wa leo tukionyeshwa kitu kipya tunatazama kinavyong'aa, na mutu aliyeshika udongo maisha yake yote tunamuona mushamba. Padri nimeshamuambia dhambi yangu, akanisamehe kwa jina la Mungu. Lakini marehemu aliniuliza swali moja tu, la haki, na nilimujibu nikiwa nimesimama mulangoni, mufuko mukononi.

Kwa hiyo we uliyepulizia ukuta wako kwa sababu ulisoma safu hii, weka gazeti chini. Nenda ugonge pale chini, karibu na musingi, usikilize. Ukilia kizito, toa watoto nje kwanza. Halafu ndiyo uje unitukane.