Chokaa Kwenye Ukuta wa Manamba

Fundi Philemon amelipaka rangi duka langu mara tatu, na mara zote tatu aliziba nyufa kwanza. Wapaka rangi wengi wa hapa Kibondo hupitisha brashi juu ya ufa wakaenda zao, mvua ya kwanza ikawaumbua. Yeye hupiga msasa, huziba kwa saruji laini, husubiri ikauke, ndipo hufungua kopo la rangi. Ukuta wa kanisa lao ni kazi yake, na mageti ya shule mbili. Ni mtu mrefu, mpole, mzee wa kanisa, ana miaka sitini na mmoja. Nimemfahamu tangu nilipofungua duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa ishirini na nne huu.

Niseme mapema kwamba katika habari hii mimi si mtu mzuri. Naitwa Mansuri, asili yetu ni Ujiji, na dukani nina mdomo. Kibarua akibeba mfuko wa saruji akayumba, namwambia, "Jikaze, manamba wewe." Akikosea hesabu ya misumari, nauliza nani ameniletea manamba asiyejua kuhesabu. Watu wanacheka, biashara inachangamka. Kwa asiyejua, manamba ni vibarua waliochukuliwa kwa mkataba enzi za mkoloni kwenda kukata mkonge Tanga, kila mmoja na namba yake, na wengi wao walikuwa Waha wa huku huku. Wazee wao walikwenda kwa jasho, sisi tumebaki na neno la kutaniana. Philemon alikuwa akicheka kuliko wote.

Mkewe na wanawe walijua kwamba marehemu baba yake, Bazilio, alikuwa fundi wa reli. Hata mimi nilijua hivyo.

Nyuma ya soko kuna jengo refu la matofali ya kuchoma. Hapo ndipo manamba walipokusanywa kabla ya kupandishwa malori. Baadaye likawa ghala la mahindi, magunia yakaziba kuta kwa miaka mingi. Ghala jipya lilipokamilika mwaka jana, magunia yakahamishwa, na ukuta mmoja wa ndani ukaonekana umejaa majina na namba zilizochimbwa kwa msumari. Afisa utamaduni wetu, Firdausi, ni binti wa Korogwe aliyehamishiwa huku. Alipouona ukuta ule alilia mbele za watu bila kujificha. Kwao amekulia karibu na makaburi ya manamba yasiyo na jina hata moja, na sasa majina alikuwa ameyapata huku. Akaandika barua, akapiga simu, akasumbua wakubwa mpaka wageni kutoka makao makuu wakakubali kuja kuukagua. Wakiridhika, jengo lingeandikishwa kuwa mahali pa kumbukumbu. Wasiporidhika, lilikuwa limeshapangiwa kubomolewa ili kiwanja kigawiwe.

Firdausi alimpa Philemon kazi ya usafi. "Mzee wangu, wageni wanakuja Alhamisi. Naomba pawe safi," alimwambia, kisha akaenda Kasulu kumtafuta Bibi Winifrida, mama mmoja ambaye ilisemekana baba yake yumo ukutani.

Sasa huku kwetu mgeni wa serikali akija tunapaka chokaa. Mawe ya njiani, mashina ya miti, kingo za mitaro, chochote kilichosimama kinapakwa. Ndiyo heshima yetu. Kwa hiyo Philemon alipokuja Jumanne asubuhi kuchukua mifuko minne ya chokaa, sikushangaa. Alichukua na mmoja wa saruji.

"Unakwenda kuwaogesha manamba, fundi?" nilimtania.

Akacheka. "Acha wageni wawakute safi, tajiri."

Ile saruji ilipaswa kunishtua. Chokaa peke yake mtu angeweza kuikwangua taratibu. Lakini nilikuwa nimeshageukia mteja mwingine, na nilikuwa bado nacheka.

Alifanya kazi siku mbili, peke yake, mlango umefungwa.

Alhamisi tulialikwa wafanyabiashara wa jirani. Gari likafika, wakashuka wageni wawili, Firdausi, na Bibi Winifrida amejifunga khanga mpya. Mlango ukafunguliwa. Ukuta ulikuwa mweupe kutoka kona hadi kona, laini, hauna mkwaruzo. Nasi, Mungu atusamehe, tukapiga makofi. Tuliacha tulipomwona Firdausi ameshika kichwa.

"Ndio huu?" mgeni mmoja aliuliza.

"Ndio huu," akasema Firdausi. "Kosa ni langu. Nilisema pawe safi, sikusema ukuta usiguswe. Wala sikuupiga picha wote."

Mgeni akamwambia aeleze kwa maandishi, na kwamba bila yale majina hawana cha kuandikisha. Hawakukaa hata nusu saa. Philemon alikuwa pembeni ya mlango, kofia mkononi, anamsikiliza binti wa watu akibeba kosa. Nilimwona akifungua mdomo mara mbili, na mara mbili akaufunga.

Gari la wageni lilipoondoka, Bibi Winifrida alimwendea.

"Mwakeye," alimsalimu. "Ni wewe uliyepaka, mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Data alikuwa humu. Baba yangu. Mama alinileta nikiwa mdogo, akanionyesha jina lake na mistari mitatu chini yake. Macho yangu hayaoni vizuri, lakini nilitaka nipaguse. Unapakumbuka?" Akamtajia jina.

Firdausi akauliza ile mistari ilikuwa ya nini. Bibi akaeleza, tena kwa fahari. Siku ya kupanda malori wanaume walitaka mkataba usomwe kwa Kiha, wajue wanakwenda kwa miaka mingapi na kwa ujira gani. Wakakataliwa. Basi wakakaa chini, sakafuni humu humu, wakanyimwa chakula. Wengi walikuwa wamenyanyuka siku ya pili. Kumi na mmoja walikaa mpaka siku ya tatu, mkataba ukasomwa. Hao ndio waliochora mistari mitatu.

"Walikwenda hata hivyo, maana nyumbani kulikuwa na njaa," akasema. "Data hakurudi. Lakini hakupakiwa kama mbuzi."

Philemon akaenda ukutani. Akaanzia kwenye fremu ya dirisha, akapima shubiri sita, akashuka mbili, akaweka kidole juu ya weupe ule mtupu.

"Hapa, mama."

Bibi akabandika kiganja. Philemon hakuondoka. Mkono wake ulishuka taratibu hadi karibu na sakafu, akachuchumaa.

"Na hapa kulikuwa na mwingine mwenye mistari mitatu," akasema. Alikuwa anauambia ukuta, lakini sote tulisikia. "Bazilio. Elfu nne mia mbili kumi na saba. Ni baba yangu. Alinionyesha mwenyewe, nina miaka tisa. Hakuwa fundi wa reli. Nilidhani mistari ile ni siku alizofungwa. Binti, wewe huna kosa. Nilijua kabisa kwamba hawataki chokaa. Niliogopa wangepiga picha, wakauliza Bazilio ni wa nani, mji mzima ukajua mimi ni wa nani." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Jumanne nilipoingia humu nilianza na yeye."

Firdausi aligeukia dirishani. Mimi nilisikia uso unawaka. Miaka ishirini na nne nimemwona mtu huyu akicheka mbele ya kaunta yangu, na sikuwahi kujiuliza anacheka nini.

Bibi Winifrida alimtazama pale chini alipochuchumaa. Hakuonyesha hasira, na ingekuwa nafuu kama angeonyesha.

"Nani alikufundisha kumwonea haya baba yako?" akamuuliza.

Nilikuwa hatua mbili nyuma ya Philemon. Angegeuza kichwa kunitazama tu, ingetosha kuwa jibu. Hakugeuka, wala hakujibu, na mimi nikanyamaza, nikamwachia aibu yote aibebe peke yake.