Mama wa Taipureta Anayewavusha Watoto Mpaka wa Vurra

ARUA, 1992. Jua la asubuhi limeshapanda kwenye baraza ya duka la vitambaa, na Rosa Kiden ameshaingiza karatasi mbili kwenye taipureta, kaboni katikati. Lakini hagusi herufi hata moja. Amempa mteja wake mgongo, anazungumza na mtoto.

Anamuuliza msichana huyo mwembamba wa miaka minane jina lake nani, analala kwa nani, jana alikula nini, na huyu bwana aliyemleta ni nani kwake. Mtoto anajibu polepole kwa Kilugbara, akichezea pindo la gauni. Anaitwa Driwaru. Anaishi Ajia kwa nyanya yake, Mindra. Bwana huyu ni mjomba Nasur wa Koboko, yule wa biskuti.

"Mama, wewe iko polisi ama iko mwandishi?" Nasur anauliza.

"Niko mama," Rosa anamjibu bila kugeuka. "Ngoja zamu yako."

Hivi ndivyo Rosa, mwenye umri wa miaka thelathini na mbili, anavyofanya kazi. Huandika barua za kila namna, ila barua ya kumvusha mtoto kwenda Zaire au Sudan haianzi mpaka mtoto mwenyewe aseme. Watu wazima wawili amewahi kuwarudisha kwa sababu mtoto hakujua majina yao. Mmoja alimtukana mbele ya soko zima. "Nilimwacha atukane," anasema. "Mtoto alibaki Arua."

Shida ya Nasur ilianza wiki iliyopita. Dada yake Medina, mama wa Driwaru, anauza vitenge Aru, upande wa Zaire. Sasa anangoja kupasuliwa tumbo, na ameomba amwone binti yake kwanza. Nasur aliandikisha barua kwa mwandishi mwingine, akaweka sahihi yake mwenyewe kama mjomba, akamchukua mtoto hadi Vurra. Kwao, mjomba haombi ruhusa kumbeba mtoto wa dada yake. Ofisa wa mpaka alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza neno la upande wa baba liko wapi.

"Mimi nikarudi na mutoto, watu nacheka," Nasur anasema. "Mjomba mzima, kama mwizi ya kuku."

Baba wa Driwaru, Celestino, alifia Zaire kabla binti yake hajazaliwa, katika ile miaka ya vita ambayo nusu ya watu wa mkoa huu wa West Nile walikuwa uhamishoni. Watu waliporudi, Mindra, mama yake Celestino, alirudi Ajia na mjukuu mgongoni, na Medina akabaki na biashara yake. Mindra alimwachia Nasur mtoto afike naye Arua tu, lakini kutia alama ya kidole chake kwenye karatasi amekataa.

Rosa anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anaifunga taipureta kwenye keria ya baiskeli na kusema wanakwenda Ajia.

Hajasahau mwaka 1980. Alivuka mpaka akikimbia vita, msichana wa miaka ishirini, mdogo wake wa miaka mitatu mkononi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliuliza mtoto ni wa nani, na Rosa hakuwa na kitu cha kuonyesha. Mtoto alitolewa mkononi mwake, akawekwa kibandani, hadi jirani mmoja wa Koboko alipotokea na kuapa kwamba anawajua. "Nilikuwa nimesimama pale namwita, naye ananiita," anasema. "Lakini kuitana hakukutosha." Huko uhamishoni alijifunza kupiga taipu kwa masista, na hajaacha tangu hapo.

Ajia, Mindra anawapokea kwa karanga na maneno makali. Anasema kwa Kilugbara kwamba Celestino hakumwachia kitu ila mtoto huyu, na kwamba ng'ombe wa mahari walikwenda Koboko wote. Akiweka kidole, kesho wataambiwa ukoo umemtoa mtoto kwa hiari.

"Dada yangu iko mgonjwa, mama," Nasur anasema kwa sauti ya chini. "Mimi hapana chukua. Mimi napeleka, narudisha."

Rosa hamsihi Mindra. Anaweka taipureta juu ya kinu kilichopinduliwa na kumwomba aseme yeye barua ianzeje. Mindra anasema: iandikwe kwanza huyu ni mtoto wa nani.

Rosa anaandika: Driwaru, binti wa marehemu Celestino, wa nyumba ya Mindra, Ajia, anakwenda Aru kumwona mama yake mzazi na atarudishwa na mjomba wake kabla ya shule kufunguliwa. Anaisoma kwa Kilugbara, kisha kwa Kiswahili, mbele ya mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji, Bwana Asiku. Nakala ya kaboni anampa Mindra. "Hii ni yako, mama. Asiporudi, mwenyekiti na mimi tutakwenda nayo Vurra pamoja na wewe."

Mindra anaitazama karatasi asiyoweza kuisoma, anaikunja ndani ya kitambaa chake, na kuweka kidole.

Kesho yake ofisa wa Vurra aliisoma barua mara moja, akafungua njia. Medina alipasuliwa salama. Driwaru alirudi Ajia Jumapili kabla ya shule, amevaa kitenge kipya, akimbeba kuku aliyetumwa na mama yake.

Rosa anasimulia hayo akiwa amenyoosha shingo. Kuanzia mwezi ujao anataka kupeleka taipureta Koboko kila Jumamosi, kwa familia zinazotoka Sudan, na ameanza kuwasumbua wakubwa wa wilaya ili watoto waliozaliwa uhamishoni wapewe vyeti vya kuzaliwa. "Siku kila mtoto atakapokuwa na cheti chake, hata mteja mmoja nisipate, nitafurahi," anasema.

Siku hiyo bado. Juzi Mindra alikuja kwa miguu kutoka Ajia. Anataka barua nyingine, ya likizo ya Agosti, na safari hii ameagiza iandikwe kwamba mtoto anakwenda na nyanya yake.