Jino la Mpuliza Tarumbeta

Tuliondoka Kilosa kwa sababu ya jino la mbele la mjomba wangu, Athumani. Yeye ndiye mpulizaji tegemeo wa bendi ya matarumbeta inayosindikiza harusi mtaani kwetu, na bila jino hilo tarumbeta haina pa kuegemea mdomoni. Jino lenyewe lilikuwa kisiki kilichovikwa kofia ya kauri. Kofia ilishaanguka mara nyingi. Kila ikianguka aliibandika kwa gundi ya dukani, ile inayokauka papo hapo, akaenda kupuliza. Safari hii ufizi ulivimba. Mimi sina kazi ya kunifunga mahali pamoja, basi nikajitolea kumsindikiza kwa daktari wa meno Mikumi.

Njiani, basi liliposimama kwenye kijiji cha Ulaya, abiria mmoja alimtambua akamtania kwamba leo kafumba mdomo kama bwana harusi aliyepungukiwa mahari. Mjomba alicheka, kiganja mdomoni. Aliniambia harusi ya Jumamosi ni ya binti wa rafiki yake wa utotoni. Hiyo lazima aipulize mwenyewe.

Mikumi tulifika adhuhuri. Daktari wa meno, mama wa makamo, alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akamkalisha kwenye kiti. Nikamuuliza gundi ile ina kosa gani, mbona inashika. Akaeleza kwamba haikutengenezwa kwa mdomo: mate huilegeza kidogo kidogo, chakula kikapenya chini ya kofia. Yeye angeisugua kauri kwa ndani kwa dawa kali, angekausha kisiki, kisha angetia gundi ya meno na kuigandisha kwa taa ya bluu. Mjomba akaniangalia, uso umechangamka.

Daktari akaivuta kofia. Ilitoka pamoja na kisiki, cheusi, kimeoza.

"Gundi yangu ni nzuri, mzee," alisema taratibu, "lakini inataka pa kushika."

"Ningekuja juzi?" mjomba aliuliza.

"Ungekuja siku ilipoanguka mara ya kwanza."

Daktari alisema angeweza kumpa jino la kuvaa na kuvua, ila kwa kupuliza lingechezacheza.

Tulipanda basi la kurudi Kilosa. Njiani niliwaza jinsi mtaa mzima tulivyoisifu gundi ile kwa kuwa kofia ilikaa. Hakuna aliyeuliza jino lililo chini yake lina hali gani. Sasa najua, na kujua kwenyewe kumechelewa.

Jioni wenzake wa bendi walimpitia kwa mazoezi. Aliwapa tarumbeta kupitia dirisha, akawaambia watafute mtu mwingine wa kuipuliza Jumamosi, akavuta pazia.